Simu mlangoni: jibu langu kwa mnaosema wanaolalamika ni wazee tu

Nimeusoma uzi huu kutoka juu hadi hapa. Mwenye uzi ameuliza kama simu na mitandao imetuharibu tabia, au ni watu wazima tu wanaochukia kila kipya. Mmoja wenu akamjibu kwamba vijana hawana shida na mambo haya, wenye shida ni mama zao. Mimi ni mama wa watu, kwa hivyo jiwe limenipata. Lakini acheni nijibu kwa kazi yangu, umri wangu tuuweke kando.

Mimi ni mchoraji wa hina hapa Mombasa. Kibokoni, Kuze, Majengo, Bondeni, na nikiitwa navuka feri hadi Likoni. Nilianza kabla simu hazijawa na kamera. Mchora hina huiona harusi kwa upande wa ndani. Bi harusi amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mikono miwili ina hina mbichi, hawezi kushika kitu wala kuinuka. Basi huzungumza. Na simu yake ikilia, husomewa ujumbe na mdogo wake, sote tukisikia. Kwa hivyo haya mnayoyajadili nimeyafuata mwaka baada ya mwaka, na mimi nimeinamia mguu wa mtu.

Nianze na rangi, maana hapo ndipo nilipoona mabadiliko kwanza. Hina ya kweli ni unga wa majani, maji ya ndimu, sukari kidogo ili ishike. Ukiibandua inakuwa rangi ya chungwa, imepauka, hata haipendezi. Uzuri wake huja baadaye: siku ya pili inakolea, ukipita usiku mwingine imeshakuwa ule wekundu wa damu ya mzee. Ndiyo maana bi harusi alikuwa akipakwa mapema, akatiwa singo, ule msugo wa manukato wa mwili, akafungiwa ndani akalala na hina yake. Siku hizi nikibandua tu, kabla sijakunja mkeka, simu iko juu ya mikono. Flashi inapiga, rangi ya chungwa haionekani, na bi harusi analia kwamba nimemharibia.

Basi wanataka piko. Nyeusi, inatoka papo hapo, na kwenye picha inakaa kama wino. Piko si ngeni kwetu, nilipoanza tulikuwa tunaitumia kwa mistari myembamba kandokando ya ua. Sasa mtu anataka mkono mzima hadi kiwiko. Na ndani ya piko mna dawa ya kupaka nywele, mna kemikali inaitwa PPD, ambayo haikutengenezwa kukaa kwenye ngozi. Nimeona msichana amefura vidole, malengelenge yamefuata maua yale yale aliyochorwa, ua kwa ua, jani kwa jani. Lilipopasuka lengelenge, alama ikabaki. Mimi piko kwenye ngozi nimeacha. Anayeitaka anakwenda kwa mwengine, na wengi wamekwenda.

Sasa msiniambie hiyo ni shida ya mitindo tu. Mitindo ilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni nani anayetakiwa aitazame afurahi. Zamani hina ilitazamwa na walio chumbani, na bwana harusi, na mkwe. Walikuwa na wakati wa kungoja ikaiva. Sasa inatazamwa kwanza na watu ambao hawako hapo, na hao hawangoji.

Nisiwe mchoyo wa haki. Wateja wangu wengi wanatoka kwenye stetasi yangu ya WhatsApp, naweka mikono na miguu, sura siweki. Na M-Pesa, tangu ilipoanza mwaka 2007, imeua ule udhuru wa "pesa anazo babake, na babake yuko safarini." Mliokuwa mkidai pesa za harusi kabla ya hapo mnajua nasema nini. Tena mwaka 2020, Mji wa Kale ulipofungwa mwezi wa Mei kwa sababu ya korona, hakuna aliyeingia wala kutoka, nikaa, yaani kufungwa kwa ndoa, zilifuatwa kwa simu. Nilikuwapo kwenye nyumba moja, baba wa bi harusi yuko Muscat, simu imesimamishwa juu ya mkebe wa maziwa, na sauti yake ikikatika kila mtandao ukilegea. Mama wa bi harusi alikuwa akiishika ile simu kwa leso, kama kitu cha moto, asije akaizima kwa bahati mbaya. Siku hiyo simu niliiombea dua.

Lakini swali lilikuwa la madhara, na kwetu wanawake wa hapa madhara yana jina na usiku wake: kupamba.

Kwa ndugu wa bara ambao hawajui: kupamba ni usiku wa wanawake watupu. Hakuna mwanamume ukumbini, hata mpiga ngoma ni mwanamke. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, ushungi unafunguliwa, na hapo utaona nywele zilizotengenezwa, asumini kichwani, nguo ambazo mume mwenyewe hajaziona. Bi harusi anakaa jukwaani, watu wanacheza chakacha, bibi zetu wanapiga vugo, ngoma yao ya harusi. Usiku ule wote umesimama juu ya jambo moja: kwamba tulio humu ndani ni sisi kwa sisi.

Sasa leta simu.

Kuna msichana, simtaji wala mtaa wake siutaji, alialikwa tu, hakuwa hata wa ukoo. Alicheza akafurahi. Asubuhi video ikafika kwenye simu yangu mimi, kutoka kwa mteja wangu wa Kisauni ambaye hakuwa kwenye ile harusi. Juu yake kulikuwa na vile vishale viwili. Mnaojua WhatsApp mnajua vishale viwili maana yake ni kwamba kitu kimeshapitishwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia. Kufika adhuhuri kaka yake ameshaiona. Yaliyofuata nyumbani kwao si ya kuandikwa hapa, ila yule dada hakuonekana tena kwenye harusi ya mtu kwa muda mrefu sana, na ile posa iliyokuwa ikizungumzwa haikuzungumzwa tena.

Baadaye ikajulikana video ilianzia wapi. Mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, alimtumia dadake aliyeko Jeddah ili aone gauni la bi harusi. Msichana alikuwa nyuma tu, pembeni ya picha. Dada wa Jeddah akamtumia binti yake, binti akamtumia rafiki. Nimelitafakari sana hili. Hapakuwa na adui. Kila mmoja alimtumia mtu mmoja anayemwamini. Ukiwashika wote ukawauliza, kila mmoja atakwambia hakusambaza chochote.

Na ndiyo maana simkubali aliyesema hapo juu kwamba "watu wabaya walikuwapo hata kabla ya simu." Ni kweli, walikuwapo. Kusutana tulikuwa nako tangu enzi za bibi. Ukigombana na jirani unakwenda Biashara Street, unachagua leso yenye jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, la kumchoma, unaivaa unapita mbele ya baraza yake mara tatu. Leso ndiyo ilikuwa stetasi ya wakati ule. Lakini leso iliishia mtaani, na aliyechomwa alijua nani kamchoma, naye akaenda kununua yake. Hii ya sasa inamchoma mtu ambaye hakugombana na yeyote.

Sheria? Zipo. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu. Kuna sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 na ile ya kulinda data ya 2019. Lakini niambieni ni nani atakayekwenda kituo cha polisi kumshitaki shangazi yake, na kumwonyesha askari mwanamume ile ile video anayotaka isionekane na wanaume. Msaada haukutoka huko.

Ulitoka mlangoni. Kadi za kupamba siku hizi nyingi zimeandikwa chini kabisa, "simu haziruhusiwi." Ukifika, kuna mwanamke amekaa na meza, unampa simu, anaitia kwenye mfuko wenye namba, na wewe unapewa namba yako. Pengine hawachukui, wanabandika stika kwenye kamera, mbele na nyuma, na atakayeonekana ameibandua anatolewa. Mpiga picha ni mmoja, mwanamke, amelipwa, na kadi ya kamera anaikabidhi kwa mama wa bi harusi usiku ule ule. (Nimesikia pia ya mama aliyepeleka kompyuta yake kwa fundi pale mjini na zile picha zote zikiwa ndani. Mambo hayaishi.)

Nusu saa ya kwanza utacheka. Watu hawajui mikono waiweke wapi. Mtu anapapasa mkoba, anakumbuka, anaurudisha. Halafu ngoma inakolea, na utaona kitu ambacho hakikuwapo kwenye harusi zenye simu: watu wazima wanasimama kucheza. Kwenye zile zenye simu, wanaocheza ni wale wale wasichana watatu wanaojua kuigiza za TikTok, wengine wote wameketi wameinua mikono wanarekodi.

Na hapa ndipo ninapomjibu yule aliyesema wenye shida ni mama zao. Ndugu yangu, wanaotaka simu zizuiwe ni vijana. Bi harusi ndiye anayenong'ona, "shangazi, mwambie mama asiende laivu." Mama ndiye anayekwenda laivu! Amelipia ukumbi, amelipia mapambo, ana dada Toronto na wifi London, anataka waone. Binti yeye amekulia ndani ya mitandao, anajua picha inafika wapi na inarudi vipi. Nimekaa na maharusi wa miaka ishirini na kitu ambao hawana picha yao hata moja mtandaoni, na mama zao wana picha za hao hao mabinti tangu wakiwa wachanga. Kwa ninavyoona mimi, umri hauhusiki hapa. Angalia nani anaonyesha na nani anaonyeshwa.

Gharama nazo zimepanda kwa sababu hiyo hiyo. Nguo ikishapigwa picha imekwisha, huwezi kuivaa tena kwa harusi nyingine kwa sababu kila mtu ameiona, hata asiyekuwapo. Sare zilikuwa sare moja ya vijora, ukavivaa nyumbani hadi vikachakaa. Sasa sare ya hina, sare ya kupamba, sare ya walima (karamu ya harusi), na kuna wasichana wanakopa kwa simu ili wasikosekane kwenye picha. Huyu anayekopa hata bi harusi si ndugu yake. Hilo siliwezi, nalitaja tu nikapita.

Kuhusu dada aliyeuliza huko chini, ana harusi ya mdogo wake mwezi ujao na anaogopa wageni watakasirika wakinyang'anywa simu. Watakasirika, ndiyo. Mmoja au wawili watarudi nyumbani. Usimweke mlangoni msichana mdogo, watamtisha. Weka shangazi wa upande wa bibi harusi na mwengine wa upande wa bwana harusi, wakae pamoja, ili asiwepo wa kusema wakwe wamedharauliwa. Namba ya simu ya huyo wa mlangoni iandikwe kwenye kadi, mwenye mtoto mgonjwa au mzee nyumbani aiache kwao, akitafutwa aitwe. Mifuko iwe na namba, si majina, na usichanganye chaja. Umtangulize mama yako mwenyewe kutoa simu yake, mbele ya watu, wageni wakiwa wanaingia. Akikataa yeye, hao wengine usijisumbue nao.

Na hina mpake siku mbili kabla.