Mhariri anataka maneno ya lugha yangu yalazwe: nikubali?

Umesema mhariri wa nje anataka maneno yote ya lugha yako yawekwe kwa italiki, yaani herufi zilizolala, ndani ya riwaya yako ya Kiingereza, na faharasa ya kueleza maana zake mwishoni. Usimjibu kwa hasira, ila usikubali yote.

Italiki ziondoe. Msimulizi aliyekulia katika lugha hiyo haoni "kigoda" kuwa neno geni, basi kwa nini lilazwe? Kibaya zaidi ni tafsiri ya papo hapo: "kigoda, yaani kiti kifupi". Hapo mhusika ameacha kuongea na mwenzake, anamhutubia mtalii. Andika kitendo: alivuta kigoda, akaketi, magoti yakamfika kifuani. Msomaji ameshakiona kimo chake.

Kisha mpe asiyejua lugha hiyo kurasa 10, apigie mstari alipokwama. Akikwama kwenye neno lakini tukio kalielewa, liache. Asipojua nani kafanya nini, rekebisha sentensi.

Tuma mswada pamoja na orodha ya maneno hayo, kila moja na tahajia yake. Bila orodha, msahihishaji atayalaza upya. Faharasa? Ningeikataa, ingawa si ya kuvunjia mkataba.