Kuchoka sio kurudi nyuma

Bwana asifiwe wapendwa. Juzi dada mmoja kanitumia meseji ndefu, nimeisoma nikairudia tena usiku maana ilinigusa pabaya. Anaimba kwaya, anaongoza maombi, anafunga kama wengine, lakini anasema ndani amekauka, akipiga magoti hana la kusema, na kinachomuumiza zaidi ni kwamba kila akijaribu kumwambia mtu anaambiwa amepoa kiroho, kuna roho inamvuta arudi nyuma, yani auache wokovu, akaombewe. Akauliza kama bado ni mtoto wa Mungu.

Dada yangu, bado. Na sikwambii hivo kukufariji tu, mi nimepita hapo.

Kipindi kile nilikuwa kwenye timu ya sifa na pia kwenye kundi la waombaji, mkesha ukitangazwa mi nipo, kukiwa na semina mi ndo wa kupanga viti na wa mwisho kuondoka. Mama yangu akaugua. Tukaomba, tukafunga, watu wakasema wameona akiinuka, na mi niliamini kwa moyo wote, alafu mama akafariki. Nikazika, na muda si mrefu nikawa nimerudi madhabahuni nimeshika maiki naimba Mungu ni mwema, sauti inatoka vizuri kabisa watu wanalia kwa uwepo wa Mungu, ila mimi ndani hakuna kitu, yani kimya. Nikaomba nipumzike kidogo kwenye huduma. Nikajibiwa shetani anapenda sana watu waliopumzika. Baada ya hapo nikakuta nimetolewa kwenye grupu la huduma, hakuna aliyenipigia kuniuliza naendeleaje. Nimesamehe, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini nikisema haiumi nitakuwa nadanganya.

Sasa kilichoniokoa ni habari ya nabii Eliya kwenye Biblia. Wote tunaijua ile ya mlima Karmeli, moto umeshuka toka mbinguni, manabii wa Baali, yule mungu wa uongo, wameaibika, hiyo inahubiriwa kila siku. Sura inayofuata, 1 Wafalme 19, hatuipendi sana. Malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho na yule yule mtu wa moto anakimbia jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe, "Yatosha; sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Nabii kabisa huyo! Na Mungu alimfanya nini? Hakumkemea wala hakumwambia imani yake imepungua. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na gudulia la maji, akala, akalala tena, malaika akarudi mara ya pili, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mungu mwenyewe anakiri safari ni kubwa. Mimi hapo nililia sana, maana nilikuwa nimeambiwa tatizo ni mimi.

Ndipo akatembea siku arobaini mpaka mlima Horebu, na huko ndiko akaulizwa "Unafanya nini hapa, Eliya?" Angalia mpangilio wa Mungu, usingizi na chakula vimetangulia, maswali yamefuata. Na alipolalamika kwamba amebaki peke yake akaambiwa wapo elfu saba Israeli ambao hawakumpigia Baali goti, na akapewa Elisha wa kwenda naye. Kwa hiyo mtu akikwambia pumziko ni la shetani muulize 1 Wafalme 19 imeandikwa na nani.

Kingine ni Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio zinageuka mwishoni zinakuwa sifa, hii haigeuki, inaanza na kilio na inaishia gizani. Lakini imo kwenye Biblia, na aliyeiomba anamwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu" wakati analia. Mimi nilipokosa maneno niliisoma kwa sauti, hiyo ndo ikawa sala yangu, na siku nyingine nilisema tu "Bwana nipo" nikalala. Usidharau hiyo, ni maombi kabisa.

Nikasoma pia habari za Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani aliyefika Burma, leo ni Myanmar, mwaka 1813, akamaliza miaka sita kabla ya kubatiza mtu wa kwanza. Mwaka 1826 akafiwa na mkewe, mwaka uliofuata na binti yao mdogo, na ikafika mahali akajenga kibanda msituni akakaa peke yake, akachimba kaburi akawa anakaa pembeni yake. Mtu huyo huyo mwaka 1834 alimaliza kutafsiri Biblia nzima kwa Kiburma. Tungekuwa naye leo tungesema amerudi nyuma.

Kwa hiyo ukichoka punguza majukumu lakini usiache kusanyiko, Waebrania 10:25 ipo kwa sababu. Kaa viti vya nyuma, uimbiwe na wewe. Tafuta mtu mmoja anayejua kunyamaza umwambie ukweli wote, sio grupu zima. Lala. Na kama usingizi umegoma kabisa au unatamani kufa kama Eliya alivyotamani, mwambie mtu leo hii na uende hospitali, kumwona daktari sio kukosa imani. Tunapenda Wagalatia 6:9, tusichoke katika kutenda mema, ila Paulo aliongeza kwamba tutavuna "kwa wakati wake, tusipozimia roho", na roho inazimia haraka kwa mtu asiyelishwa.

Na nyie wachungaji na viongozi, nawaomba kwa heshima zote, mtu akiwaambia amechoka msimtafutie pepo kwanza. Na wewe mpendwa uliye na nguvu sasa hivi, yule aliyekuwa anakaa karibu nawe ibadani na siku hizi humuoni, mpigie. Mistari utamtumia baadaye. Anza kwa kumuuliza kama amekula, na kama hajala mpelekee.