Vita vya dini vya Ulaya: usianze na wafalme, mfuate mtu mmoja

Kwa mtu aliyekulia KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kama mimi, kipaimara, Katekisimu Ndogo na kila kitu, Augsburg lilikuwa jina tu la lile Ungamo la imani ya Kilutheri la 1530 ambalo mwalimu wa kipaimara alilipitia haraka haraka tukiwa na njaa. Saivi naishi hapa hapa Augsburg, Ujerumani, kikazi, na wageni wakija lazima niwapeleke kanisa la Ulrich, maana pale kuna basilika kubwa ya Wakatoliki na mbele yake, imeshikana nayo kabisa, kuna kanisa dogo la Walutheri lenye jina hilohilo. Wakishapiga picha swali linakuja, sa hawa walikuwa wanapigania nini miaka yote ile, na nikitaka kusoma nianzie wapi?

Jibu langu huwa ni moja. Achana kwanza na orodha ya vita na mikataba. Utachoka mapema jamani, 1546, 1555, 1572, 1618, kila mfalme anaitwa Ferdinand au Friedrich, ukifika katikati hujui tena nani yuko upande gani na wenyewe pia walikuwa wanahama. Chukua mtu mmoja, mfuate kuanzia anazaliwa mpaka anakufa, hayo mengine yatajileta.

Mimi nawapa Johannes Kepler, yule wa sayari. Alizaliwa 1571, Mlutheri, akasoma Tübingen akitaka kuwa mchungaji, akaishia kufundisha hesabu Graz, Austria. Mwaka 1600 akafukuzwa Graz kwa sababu mtawala wa pale, Ferdinand (ambaye baadae ndo akawa Kaizari Ferdinand II, mtawala mkuu wa nchi za Wajerumani, yule wa Vita vya Miaka Thelathini, 1618 mpaka 1648), alitaka Wakatoliki tu. Haya, utasema ameonewa na Wakatoliki, kumbe bado. Alipohamia Linz mchungaji wake mwenyewe wa Kilutheri akamnyima Meza ya Bwana, maana Kepler aligoma kusaini mafundisho yote ya ile Fomula ya 1577, andiko la imani la Walutheri, hakuona sababu ya kuwalaani Wakalvini, Waprotestanti wafuasi wa Calvin, kisa namna wanavyoelewa mwili wa Kristo mezani. Mtu aliyekulia usharikani anajua kutengwa kunavyouma, watu wanakuangalia tu. Na cha kushangaza hakuhama upande, angehamia Ukatoliki mambo yake yote yangenyooka, aligoma.

Hapohapo mama yake Katharina, bibi kizee, akashtakiwa kwa uchawi kule Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Kesi ilianza 1615, akakamatwa 1620, akakaa ndani zaidi ya mwaka amefungwa minyororo, mwishoni akaonyeshwa vifaa vya mateso ili akiri, akagoma, akaachiwa 1621. Kepler alisafiri kwenda kumtetea, akachambua ushahidi mmoja mmoja, huyu kaumwa mguu kwa sababu hii, yule ana deni nae. Ila hakusema popote kwamba wachawi hawapo! Na ni huyuhuyu aliyegundua kwamba sayari zinazunguka kwa njia ya duaradufu, na ni huyuhuyu aliyempigia utabiri wa nyota Wallenstein, jenerali wa Kaizari. Ndo maana mtu akikwambia sayansi ilikuja dini ikaondoka, mwulize kuhusu Kepler, kwake kupima anga ilikuwa ni kumsifu Mungu. Alifia Regensburg 1630, vita vikapita makaburini, leo kaburi lake halijulikani lilipo.

Ukimaliza Kepler tafuta mtu wa chini, asiye na jina. Kuna askari mmoja wa kulipwa aliandika shajara wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, ikachapishwa 1993, mwanzo wake umepotea ikabidi wataalamu watafute jina kwa kuunganisha unganisha, wakapata Peter Hagendorf. Tembea yake ilizidi kilomita 20,000, na wake zake kwa nyakati tofauti walikuwa nae safarini, watoto wengi walikufa wachanga. Soma anapofika Magdeburg, Mei 1631, mji wa Waprotestanti ambao jeshi lake la upande wa Kaizari liliuteka, ukaungua na watu kama 20,000 wakafa. Yeye alipigwa risasi pale getini, amelala kambini anavuja damu, mke wake anaingia kwenye mji unaoungua kutafuta mto wa kulalia na vitambaa vya kufungia vidonda, jamaa anahofia nyumba zitamwangukia, mara anarudi na bibi mmoja anamsaidia kubeba divai. Alafu huyohuyo anaandika ameumia kuona mji mzuri kama ule unaungua. Miaka miwili mbele anakamatwa na Waswidi, anapigana upande wao, baada ya vita vya Nördlingen 1634 anarudi jeshi lake la zamani kama vile karudi kazini kutoka likizo.

Hapo utajikuta unasema basi dini ilikuwa kisingizio tu, ilikuwa hela na siasa. Taratibu. Ni kweli Richelieu, waziri mkuu wa Ufaransa na kardinali kabisa wa Kanisa Katoliki, alikuwa anamlipa mfalme Mlutheri wa Sweden apigane na Kaizari Mkatoliki, mkataba walisaini Januari 1631. Lakini Ferdinand II alishauriwa mara ngapi alegeze masharti na akakataa kwa sababu aliamini atajibu mbele za Mungu. Vyote viwili vilikuwepo, mara nyingi ndani ya mtu yuleyule, na ukitoa kimoja habari yenyewe haisomeki.

Kitu cha mwisho, tarehe, hiki kitakusumbua mapema. Papa alitoa kalenda mpya 1582, siku 10 mbele, Waprotestanti wengi wakaikataa kwa sababu ni ya Papa, basi. Hapa Augsburg baraza la mji liliikubali, biashara na majirani Wakatoliki isingeenda vinginevyo, na 1584 walipotaka kumfukuza mchungaji mkuu aliyeipinga watu wakaingia barabarani na silaha. Waprotestanti wa Ujerumani waliikubali 1700, walilala tarehe 18 Februari wakaamka 1 Machi. Kwa hiyo ukikuta amani ya Westphalia, iliyomaliza Vita vya Miaka Thelathini, imeandikwa 14/24 Oktoba 1648 sio kosa la chapa, na Magdeburg ikiandikwa tarehe 10 kitabu kimoja na tarehe 20 kingine, angalia kwanza mwandishi anatumia kalenda ya nani.