Tiketi inasema 02:10: ni saa ngapi hiyo?

SWALI: Assalaam alaykum. Binti yangu yuko Maskati, kajifungua, nami nimetumiwa tiketi nikamwone mjukuu. Imeandikwa Jumamosi, kuondoka Zanzibar 02:10, kufika Maskati 08:30. Mwanangu wa kiume anasema ni saa mbili usiku, basi nivuke kwa boti ya Jumamosi asubuhi. Kutoka Unguja mpaka Maskati ni mbali kiasi gani? Na ndege inakwenda kweli saa sita na zaidi?
Bibi wa Mkoani, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, na hongera kwa mjukuu. Kwanza, bibi yangu, boti ya Jumamosi usiipande. Itakufikisha Unguja na ndege imekwishatua Maskati.

Tiketi huanza kuhesabu saa sita za usiku. Kwa hiyo 02:10 ni saa nane na dakika kumi, usiku wa kuamkia Jumamosi. Wewe uliyelelewa kwa hesabu ya kizamani, siku ikianza magharibi, ukiambiwa usiku wa Jumamosi unajua ni huo. Kijana wako amesoma 02 akatamka saa mbili, na kosa hilo nalijua kwa uchungu. Shangazi yangu alikuwa na tiketi ya 01:00. Sisi tukasema saa moja usiku, tukamfikisha uwanjani saa kumi alasiri na kapu lake la dagaa na karafuu. Ndege ilikuwa na saa kumi na tano tangu iondoke. Alikaa juu ya sanduku lake, kimya, mpaka tukapata gari ya kumrudisha nyumbani. Tiketi ya pili tulichangishana ukoo mzima.

Sasa umbali. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 3,900. Wazee wetu waliivuka njia hiyo kwa jahazi, wakingoja kusi iwasukume, wakarudi na kaskazi. Ndege kubwa ikishapanda juu hukata kama kilomita 850 kwa saa, kwa hiyo peke yake hewani ingemaliza kwa saa nne na nusu hivi. Kupaa, kushuka na kuzunguka uwanjani ndiko kunakoongeza.

Hizo saa sita ulizohesabu zina saa moja isiyo ya safari. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja: kwao ikiwa saa mbili na nusu asubuhi, Mkoani ni saa moja na nusu. Toa hiyo, zinabaki saa tano na dakika ishirini. Alfajiri itakukuta angani, basi jiweke na udhu kabla ya kupanda.

Vuka Alhamisi, ulale kwa jamaa Unguja. Ijumaa, saa tano za usiku wa kuamkia Jumamosi, uwe uwanjani na pasi yako mkononi. Na binti aambiwe aje kukupokea Jumamosi asubuhi, si Jumapili.