Maswali ya Karata: Nina fulu hausi, kwa nini nitupe?

SWALI: Habari za kazi. Jumamosi usiku tunacheza poka isiyo na kikomo cha dau nyumbani kwa rafiki, Mikocheni. Blaindi, yaani madau ya lazima ya wachezaji wawili (ndogo na kubwa) kabla ya karata kugawanywa, ni 500 na 1,000. Siku hiyo mimi na mzee mmoja tulikuwa na shilingi 150,000 kila mtu mbele yake. Nilikuwa wa mwisho kuamua, nikapata 6 mbili, ya kopa na ya uru. Nikapandisha hadi 3,000. Blaindi ndogo akatupa, mzee aliyekuwa blaindi kubwa akalipa. Zikafunguliwa mezani, za kutumiwa na wote, 9 ya uru, 9 ya maua na 6 ya shupaza. Akacheki (akapita bila kuweka dau), nikaweka 4,000, akalipa. Ya nne ilikuwa jeki ya kopa: akacheki, nikaweka 10,000, akalipa. Ya tano mfalme wa maua. Akacheki tena, nikaweka 20,000, ndipo akasukuma hela zake zote. Nikalipa, akafunua mfalme na 9. Wenzangu wanasema hakuna anayetupa fulu hausi (karata tatu za aina moja pamoja na jozi). Ni kweli?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Wapo wanaoitupa, na hii yako ilikuwa ya kutupa hata kama mzee asingefunua chochote.

Tuanze na bei. Kabla ya karata ya tano mlikuwa mmeshaweka 17,000 kila mmoja, na poti (hela zilizo katikati ya meza) ilikuwa 34,500 ukijumlisha ile 500 ya blaindi ndogo. Mzee alibakiwa na 133,000. Baada ya wewe kuweka 20,000 na yeye kusukuma zote, katikati ya meza palikuwa na 187,500, na wewe ulidaiwa 113,000. Gawanya 113,000 kwa 300,500, ambayo ndiyo poti baada ya wewe kulipa: inakuja karibu 38 kwa mia. Kwa hiyo ungepaswa kuwa mbele walau mara 38 katika kila mara 100 anazosukuma namna hii. Ile 37,000 uliyokwisha kuweka usiihesabu kabisa. Imeshaingia kwenye poti, si yako tena.

Sasa hesabu alichoweza kuwa nacho. 9 zilizobaki ni mbili, wafalme watatu, jeki tatu. Mfalme na 9 inapatikana kwa njia 6 (wafalme watatu mara 9 mbili). Jeki na 9, njia 6. 9 zote mbili, njia 1. Jeki mbili, njia 3, ingawa wengi wangepandisha nazo mapema. Wafalme wawili tuwaache, maana mzee angekurudishia dau kabla hata karata hazijafunguliwa. Na 9 na 6 tuiache pia: 6 iliyobaki ni ya maua tu, na hakuna 9 ya maua iliyobaki ya kufanana nayo, kwa hiyo ingebidi awe amelipa 3,000 kwa karata mbovu za alama mbili tofauti. Jumla njia 16 zinakupiga. Ili ufikie ile 38 kwa mia, lazima pawe na njia 10 au zaidi ambazo angesukuma nazo na wewe unamshinda.

Ziko wapi? Ree na 9 ni njia 8. Malkia na 9 ni 8, na 10 na 9 ni 8 pia. Lakini hizo ni 9 tatu tupu, na mchezaji makini akiona mfalme na jeki zimelala mezani analipa tu 20,000 yako, hapandishi. Malkia na 10 inatoa streti (karata tano zinazofuatana), njia 16 nzima, ila angelipaje 4,000 yako wakati meza ilikuwa 9, 9 na 6 na yeye hana jozi wala kitu? Baadhi ya watu hulipa. Mzee wa kucheki, kulipa, kucheki, kulipa, halafu akasukuma 133,000 kwenye karata ya tano, ni nadra sana kukuta amefika hapo na streti, tena juu ya meza yenye jozi. Hata ukimpa ree na 9 zote nane, bado hazifiki kumi.

Angekuwa yule kijana anayecheza huku jicho moja liko kwenye mechi ya Simba na Yanga, anayepiga mkwara kila poti ikinona, ungelipa bila kufikiri mara mbili. Karata zako ni zilezile na meza ni ileile, ila zile njia 10 unazipata kwake kwa urahisi.

Kinachowapoteza wenzako ni jina la mkono. Fulu hausi yako ilijengwa na jozi ya 9 iliyo mezani, ambayo ni ya kila mtu, na 6 zako ndizo ndogo kuliko zote pale. Jeki ilipotoka, mwenye 9 na jeki alikupita. Mfalme alipotoka, akakupita na mwenye 9 na mfalme. Mkono wako ulizidi kudhoofika kila karata ilipofunguliwa, wakati wewe ulikuwa bado unauona kama ulivyokuwa kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza.

Dau la 20,000 halikuwa na kosa. Zile njia 24 za ree, malkia na 10 zenye 9 zingekulipa. Na mngekuwa na 60,000 tu kila mmoja, tungesema lipa: angebakiwa na 43,000, ungedaiwa 23,000 kugombea 97,500, yaani 19 kwa mia. Kwa bei hiyo njia 4 za kumshinda dhidi ya zile 16 zinatosha. Watu wengi husahau kuangalia kina cha hela kabla ya kuuliza kama mkono ni mkali.

SWALI: Je, wafalme wawili hutupwa kabla ya flopu?
Msomaji, Temeke

JIBU: Kwa hela za blaindi kubwa 100, karibu kamwe.

Ukiwa na wafalme wawili kwenye meza ya watu tisa, uwezekano kwamba mmoja wa wale wanane ana ree mbili ni takriban 4 kwa mia. Hiyo ni kabla mtu hajapandisha. Tuseme umeshaweka 25,000 kati ya 100,000 yako, na mwenzako kasukuma 100,000. Unaongeza 75,000, unahitaji karibu 37 kwa mia. Akiwa anasukuma na ree mbili (njia 6), wafalme wawili waliobaki (njia 1), malkia wawili (njia 6) au ree na mfalme (njia 8), wewe una kama 57 kwa mia. Lipa.

Akiwa ni wa ree mbili na wafalme wawili pekee, unashuka hadi 23 hivi, na hapo kutupa ni sahihi. Wachezaji wa namna hiyo wapo, lakini ni wachache kuliko watu wanavyodai baada ya kupigwa. Hadi umemwona akifunua karata za aina hiyo mara kadhaa, mchukulie kama watu wengine. Mkiwa na blaindi 300, hapo ndipo swali lako linakuwa na uzito.

SWALI: Nilikuwa na 8 ya kopa na 8 ya maua. Meza: mfalme wa uru, 8 na 5 za shupaza, kisha 2 ya shupaza. Poti 40,000, mpinzani akasukuma 30,000 yake ya mwisho. Nikatupa kwa kuogopa flashi (karata tano za alama moja). Nilifanya vyema?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Hapana. Ulitupa mkono wa kulipa.

Ulidaiwa 30,000 kugombea 70,000, yaani 30 kwa mia. Hata kama flashi anayo tayari, karata 10 zinakuokoa kwa kukupa fulu hausi au 8 nne: 8 moja, wafalme watatu, 5 tatu na 2 tatu. Kumi kati ya 46 usizoziona ni karibu 22 kwa mia. Pungufu iliyobaki ni ndogo, na inafidiwa na zile mara ambazo ana mfalme na ree, au ana shupaza moja tu mkononi akingoja ya nne mezani. Ungepaswa kuwa na hakika ya zaidi ya mara 85 kati ya 100 kwamba flashi ipo ndipo kutupa kulipe.

Dau lilelile likija kwenye karata ya tano, hujaboresha mkono, hesabu inabadilika: hakuna karata ya kukuokoa tena, na unalipa iwapo tu walau mara 3 kati ya 10 hana flashi.

SWALI: Nataka kuanza kwenda kasino za mjini. Nikitupa mkono mkali, niuonyeshe?
Msomaji, Ilala

JIBU: Usiuonyeshe. Ukifunua wafalme wawili uliowatupa, meza nzima imejua kwamba unatishika, na mkwara utaanza kuelekezwa kwako usiku huohuo.

Nenda kwenye kasino yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ujue kwamba taratibu zake ni kali kuliko za sebuleni. Subiri zamu yako ndipo utupe. Ukitupa mapema unampa anayepaswa kuamua kabla yako habari ya bure. Neno lina nguvu, ukisema “nalipa” umelipa, hata mkono ukiwa bado juu ya hela. Karata zikishagusa rundo la zilizotupwa, kwa kawaida zimekufa, haziombwi tena. Wakati unafikiria, weka chipu moja juu ya karata zako, maana mgawaji akizichukua kwa kudhani umetupa, hasara ni yako.