Kaka atanibeba kuingia kwenye gari mpaka lini?

Swali: Habari za kazi, daktari. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Njiro, Arusha. Nilipata ajali ya bodaboda mwaka juzi, uti wa mgongo ukaumia na sasa natumia kiti mwendo. Mikono iko vizuri kabisa. Nimepata kazi mjini karibu na Mnara wa Saa, na nauli ya teksi mtandao naimudu. Shida ni kwamba kila asubuhi kaka lazima anibebe kuniingiza kwenye gari, na jioni nabebwa na mlinzi wa ofisini. Je, nisubiri magari maalumu yenye rampu? Pia kuna mama anayenikanda, anasema niachane na kiti kwa sababu kinanizoesha kukaa.

Jibu: Mdogo wangu wa Njiro, hongera kwa kazi. Usisubiri rampu. Magari ya namna hiyo yapo kwenye miji kama New York na Chicago, ambako Uber wana huduma yake iitwayo WAV. Wewe utaletewa IST, Passo au Vitz, na mtu mwenye mikono kama yako anaweza kuingia kwenye IST bila kubebwa. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo hapa Moshi, yaani nawafundisha watu waliougua au kuumia kufanya wenyewe shughuli za kila siku, na kila wiki naulizwa swali hilohilo: nani atanibeba?

Swali hilo linaniumiza. Tumelelewa kuamini kwamba kumbeba mgonjwa ni kumpenda. Mmoja anashika kwapani, mwingine magotini, wanahesabu moja, mbili, tatu. Bega linavutwa, na kwa sasa mabega yako ndiyo yanayofanya kazi ya miguu. Makalio yanakwaruzwa na ukingo wa mlango, na kwa kuwa huko chini huna hisia, hutajua ngozi imechunika mpaka uvue nguo usiku. Kidonda cha aina hiyo kinaweza kukulaza miezi, na kazi ikaondoka. Na bado sijataja mikono ya huyo mlinzi, ambaye wewe hukumchagua.

Unachohitaji ni ubao wa kuhamia. Nenda kwa fundi seremala, akukatie plaiwudi ngumu ya milimita 18, urefu sentimita 70, upana 25. Kona zote aziviringe, apige msasa, apake vanishi. Kabla hujalipa, pitisha kiganja ukingo wote wewe mwenyewe. Kibanzi kimoja kinatosha kukuchana.

Kaa mbele. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mlango wa abiria wa mbele unafungukia kando ya barabara. Tatizo la huko kando unalijua: mtaro. Gari likishakubali safari, mwandikie dereva kwenye programu: "Natumia kiti mwendo kinachokunjika, naingia mwenyewe, naomba usimame pa tambarare, mbali na mtaro." Anayetaka kughairi aghairi akiwa bado mbali, siyo akishakuona.

Kiti cha gari kisogezwe nyuma hadi mwisho. Kiguse kwa mkono kwanza, kwa sababu gari lililoshinda juani linaunguza ngozi isiyo na hisia, tandika kanga. Weka kiti mwendo mshazari, funga breki, ondoa mkono wa kiti wa upande wa gari. Chomeka ubao chini ya paja, ncha ya pili ifike katikati ya kiti cha gari. Inama mbele, kichwa kielekee ulikotoka, makalio yaende unakokwenda, ukijiinua kidogokidogo badala ya kujiburuza. Miguu iingie mwisho, mmoja baada ya mwingine. Usining'inie kwenye mlango, maana mlango wenyewe unacheza. Kutoka kwenye Vitz ni kama kupanda mlima, maana kiti chake kiko chini, kwa hiyo mara za mwanzo fanyia uani, gari limezimwa, mtaalamu akiwa pembeni.

Utachukua dakika, na dakika zinaweza kutozwa. Marekani, Wizara ya Sheria iliishtaki Uber mwaka 2021 kwa kuwatoza watu wenye ulemavu ada ya kusubiri. Mwaka 2022 kampuni ikakubali kuwaondolea ada hiyo wanaothibitisha kuwa wanahitaji muda zaidi. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ningependa kampuni zinazofanya kazi hapa zisisubiri kushtakiwa.

Sasa huyo mama wa kukanda. Kiti mwendo hakimlemazi mtu. Kilichokulemaza ni ajali. Kinachowamaliza watu wangu ni kufungiwa ndani wakisubiri mafuta yafanye kazi. Nilimpokea kijana aliyekandwa kwa maji ya moto. Hakupiga kelele kwa sababu hakusikia chochote, na mkandaji akaona ukimya ule ni dalili njema. Alipoletwa, ngozi ya mapaja ilikuwa imebabuka. Mwingine alikunjwa goti kwa nguvu "ili mshipa ufunguke", mfupa ukavunjika, maana mifupa ya miguu isiyobeba uzito hupungua nguvu. Nawaomba wote mnaouguza mtu aliyeumia uti wa mgongo: msiruhusu kitu cha moto kwenye mwili usiosikia, wala mtu asiyesomea kazi hii kuvuta kiungo. Anayewaahidi tarehe ya kusimama, muulizeni amesomea wapi. Na anayewaambia mfiche kiti uvunguni, mrudisheni alikotoka.

Ukiweza kufika Moshi, njoo na kiti chako, ubao wako na kaka yako. Nataka kumwonyesha yeye pa kusimama: nyuma ya kiti, mikono kwenye vishikio, akihakikisha hakisogei wakati wewe unahama.