Maswali ya wafugaji: mtoto wa nguruwe amefika nyumbani, sasa?

Mahindi yakishavunwa Nyanda za Juu Kusini pumba hushuka bei, na hapo ndipo wengi hununua watoto wa nguruwe. Bahati mbaya ndiyo miezi ileile, Juni mpaka Agosti, ambayo baridi ya Njombe, Makete na Mbeya huuma kuliko mwaka mzima. Barua kadhaa za safari hii zina baridi ndani yake hata pale mwandishi anapouliza jambo lingine.

Shikamooni wataalamu. Nimenunua mtoto mmoja wa nguruwe, mweupe, wa miezi miwili. Tangu afike analia usiku kucha, na pumba ninazompa anazinusa tu na kuziacha. Jirani anasema nimchome vitamini na dawa ya minyoo leo leo. Nianze na lipi? – Mfugaji mpya, Mbozi

Marahaba. Sindano iache kwanza. Mnyama aliyetengwa na mama yake, akatiwa kwenye kiroba, akapakiwa kwenye bodaboda na kushushwa asipopajua, ameshachoka vya kutosha. Kumkimbiza na kumkamata tena siku hiyohiyo ni kumwongezea mzigo. Dawa ya minyoo ina siku yake.

Kinachotangulia ni maji. Yawe safi, kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua, kwa mfano tairi lililopasuliwa au hori dogo la zege. Kama alishinda bila maji tangu jana yake, usimwachie ndoo nzima: mpe robo lita, ngoja nusu saa, mpe tena, mpaka kiu ikatike. Nguruwe aliyekaa na kiu siku nzima chumvi humzidi mwilini, na akinywa kwa pupa maji hukimbilia kwenye ubongo. Utamwona anazunguka, anagonga ukuta kwa kichwa, kisha anaanguka na kutetemeka, na watu watasema amelishwa sumu. Akishatulia, maji yawepo mchana na usiku. Mtoto wa kilo 10 hadi 15 hunywa kati ya lita 1 na 3 kwa siku.

Sasa hicho kilio. Nguruwe wa wiki 8 anataka pa kulala penye joto la nyuzi 25 hivi, na usiku wa Mbozi mwezi Julai hauko hata karibu na hapo. Kwao walikuwa wanalaliana. Kwako hana wa kumwegemea. Mtengenezee sanduku la mabanzi ndani ya banda: upana sentimita 60, urefu 90, kimo 60, limefunikwa juu na pande tatu, na upande wa wazi usielekee upepo. Weka nyasi kavu au maranda kwa kina cha sentimita 15, ubadilishe kila yanapolowa. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa usiyatumie. Alfajiri mchungulie kabla hajaamka: akiwa amejikunja, miguu ameificha chini ya tumbo na manyoya yamesimama, bado anasikia baridi, ongeza nyasi. Akiwa amejinyoosha kwa ubavu, amepata joto. Usimwekee jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa, maana hewa yake inaua bila kunusika. Ukiweza, rudi kwa aliyekuuzia umchukue mwenzake wa uzao huohuo wiki hii. Wawili hulala wakiwa na joto na hula kwa kugombea. Tungeshauri mtu yeyote anunue wawili wadogo kuliko mmoja mkubwa.

Kuhusu pumba, usimlaumu. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 11 tu, na yeye anahitaji 18 mpaka 20. Pia hazijui. Muulize mwuzaji alikuwa anamlisha nini na umwombe akuuzie kilo 3 au 4 za chakula hicho. Siku mbili za kwanza mpe hicho pekee, gramu 200 hivi kwa siku, ukigawanya mara nne. Siku ya 3 na ya 4 changanya robo ya chakula chako (siyo pumba tupu, bali mchanganyiko kama ule wa barua inayofuata) na robo tatu ya kile cha kwao. Ya 5 na ya 6 nusu kwa nusu. Ya 7 na ya 8 robo tatu chako. Kufikia hapo awe anakula gramu 400 hadi 500 kwa siku. Atakachobakiza baada ya nusu saa kiondoe, kwani kikichacha kinaharisha.

Anayebadilishiwa chakula ghafla huku ana baridi huharisha karibu kila mara, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 10. Hapo punguza chakula nusu, na kwenye lita 1 ya maji safi tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Awekewe mchanganyiko huo siku nzima pamoja na maji ya kawaida. Ukiona damu, au kope zimevimba na anayumba, au siku ya pili imepita bila nafuu, mwite mtaalamu wa mifugo. Antibiotiki za kubahatisha dukani hugharimu fedha na mara nyingi zinakuwa siyo zenyewe.

Minyoo sasa: siku ya 7 hadi ya 10, akiwa anakula vizuri. Aivamektini ya sindano ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 33 za uzito, kwa hiyo wa kilo 10 anapata mililita 0.3, chini ya ngozi nyuma ya sikio. Tumia bomba la mililita 1; kwenye bomba la mililita 10 kipimo hicho hukioni, na hapo ndipo watu huzidisha. Uzito usiukadirie kwa macho: panda kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe. Dawa hiyohiyo hutibu upele. Kama anajikuna na ngozi ya masikio ina magamba, rudia baada ya siku 14. Kumkamata, shika mguu wa nyuma juu ya kifundo, kisha ingiza mkono mwingine chini ya kifua. Usimnyanyue kwa masikio.

Nina watoto wawili wa kilo 12. Chakula cha kiwandani bei imenishinda. Nichanganye vipi nyumbani? – Kilolo, Iringa

Kwa kilo 20: mahindi yaliyoparazwa kilo 9, pumba za mahindi 4, soya 4, dagaa waliosagwa kilo 1.6, mashudu ya alizeti gramu 800, unga wa mifupa 400, chumvi 100, na vitamini na madini ya nguruwe gramu 100 (kama lebo inasema kipimo kingine, fuata lebo). Protini inakuja kama asilimia 19. Watoto wako wakila gramu 600 kila mmoja, mfuko huo ni siku 16 hivi, na ni vizuri usikae zaidi ya wiki tatu.

Mchanganyiko huu huharibikia sehemu tatu. Soya lazima ikaangwe mpaka inukie na ganda libabuke, ndipo isagwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo unalisha nyingi na mnyama habadiliki. Dagaa waliokaushwa chini huja na mchanga: chukua kiganja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, uone kinachotuama. Wakiwa wa chumvi, ile gramu 100 iache kabisa. La tatu ni mahindi yenye ukungu. Kuna tabia ya kusema "haya hayafai kwa ugali, wape nguruwe". Sumu kuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, inadumaza nguruwe mdogo na kuharibu ini lake, na kuna aina ya ukungu inayovimbisha uke wa majike wadogo kana kwamba wanataka dume. Mahindi ya hivyo hayana mnyama wa kupewa.

Matembele, majani ya maboga na magimbi yaliyochemshwa wape kiganja kimoja kimoja kama nyongeza. Tumbo la kilo 12 ni dogo. Likijaa majani, chakula chenyewe hakina pa kuingia.

Niliyemnunua niliambiwa ana wiki 8, lakini afisa mifugo alipomwona akasema hajafika hata 5. Hataki kula, ananyonya vidole. – Rombo

Afisa huenda yuko sahihi. Mrudishe kwa mama yake kama mwuzaji anakubali na nyumbani kwake hakuna ugonjwa. Kama haiwezekani, mpe maziwa ya ng'ombe ya vuguvugu, lita 1 kwa siku mara tano, kwenye sahani pana isiyo na kina. Chovya kidole chako kwenye maziwa, aking'ang'ania kishushe taratibu mpaka mdomo uguse sahani. Hujifunza kwa siku moja au mbili. Chupa huingiza maziwa kwenye mapafu ukimnywesha amelala chali. Kuanzia siku ya 3 koroga unga wa chakula cha watoto wa nguruwe ndani ya maziwa, uji mwepesi kwanza, ukizidi kuwa mzito, na baada ya wiki mbili maziwa yaishe. Joto analohitaji ni kubwa kuliko la yule wa Mbozi.

Mtazame pia kope kwa ndani na masikio dhidi ya jua. Yakiwa meupe badala ya waridi, huenda hakupata sindano ya madini ya chuma, ambayo hutolewa siku ya 3 ya maisha (miligramu 200 shingoni). Maziwa ya mama yana chuma kidogo mno. Mtaalamu anaweza kumchoma hata sasa.

Jirani amepoteza nguruwe watatu ndani ya siku nne. Masikio na tumbo viligeuka zambarau. Wangu nimchanje chanjo gani? – Karagwe

Ndugu yetu, madukani kwetu hakuna chanjo yake, na anayekuuzia anakuibia. Dalili hizo zinafanana sana na homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Ni virusi, hauna tiba, na banda zima linaweza kuisha. Binadamu haumwambukizi.

Toa taarifa leo kwa afisa mifugo wa kata. Jirani naye atoe, hata kama anaogopa karantini. Upo ugonjwa mwingine, wa bakteria, unaoleta mabaka mekundu yenye pembe nne mgongoni, na huo hupona kwa penisilini, kwa hiyo ni muhimu mtaalamu aone kabla ya mizoga kufukiwa. Ifukiwe shimo refu, isiuzwe, isigawiwe. Homa hii husafiri zaidi na nyama ya nguruwe aliyechinjwa haraka kabla hajafa.

Kwa banda lako: viatu vya bandani vikae bandani. Usiazime jembe, ndoo wala dume. Mchinjaji anayepita banda kwa banda kukadiria uzito asivuke mlango, aoneshwe mnyama kwa nje. Mlangoni weka beseni la dawa ya klorini, lakini sugua tope kwanza, dawa haifanyi kazi juu ya mavi. Pima joto la wako asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Nguruwe mzima yuko kati ya 38.7 na 39.8, akivuka 40.5 piga simu. Ugonjwa unaweza kujificha mpaka siku 19, ndiyo maana nguruwe mgeni yeyote hukaa peke yake siku 30, na huhudumiwa wa mwisho, baada ya wenyeji.

Napata makombo ya hoteli bure kila jioni. Yanafaa? – Kimara, Dar es Salaam

Kwa mtoto, hapana. Yana mafuta na chumvi nyingi, na yakiwa na mabaki ya kitimoto ni mlango wa homa tuliyoitaja. Akifika kilo 30 unaweza kuyatumia kama sehemu ya chakula, yakiwa yamechemka nusu saa huku unakoroga, na vijiti vya mishikaki na mifuko vimetolewa.

Nimemfunga kamba mguuni chini ya mwembe, jioni namwachia azungukie. Kuna ubaya? – Busia, Kenya

Upo, ndugu. Kamba hukata ngozi, na kidonda hicho huingiza bakteria wanaovimbisha viungo vya miguu. Ubaya mkubwa uko jioni. Nguruwe hula kinyesi cha binadamu akikipata, na mayai ya tegu yaliyomo humwachia vifuko vyeupe nyamani, vikubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Mlaji wa nyama isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai yanayotoka kwa mtu huyo yakifika mdomoni mwa binadamu, kwa mikono au mboga zisizooshwa, hutengeneza vifuko hivyo kwenye ubongo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kifafa.

Mjengee banda la mita 1.5 kwa 2, lawatosha wawili mpaka kuuzwa. Sakafu ya mbao ikiinuliwa, nafasi kati ya mbao isizidi sentimita 1.5 wakiwa wadogo, la sivyo kwato huzama na mguu kuvunjika. Paa litoe kivuli cha kutosha. Mweupe huungua na jua masikioni na mgongoni. Choo cha nyumba kiwe na mlango unaofungika.

Dume langu lina wiki 9 na halijahasiwa. Limechelewa? – Kiambu, Kenya

Siku nzuri zilikuwa kati ya 7 na 14. Sasa bado inawezekana, ila ifanywe na daktari wa mifugo kwa dawa ya ganzi, siyo kwa wembe wa fundi wa kijijini. Isiwe wiki ileile ya kuhama wala ya dawa ya minyoo, na asile usiku wa kuamkia siku hiyo. Nyasi za kulalia zibadilishwe kila siku mpaka kidonda kikauke.